Pwani moja, wakubwa wengi: kwa nini ziwa linahitaji mpango mmoja



Mwezi wa tano 2024 nilikuwa nyumbani, Uvira. Mama yangu anauza ndagala tangu mimi sijazaliwa. Ni ndagala ndiyo ililipa minervali yangu, kuanzia shule ya msingi mpaka lisansi ya agronomia. Siku ile nilimkuta ameketi mbele ya nyumba na beseni tupu, juu ziwa lilikuwa limefungwa kwa miezi 3. Akaniuliza:

"Baba, wewe njo ulisoma. Uniambie: samaki ya ziwa ni ya nani? Mwaka muzima hakuna mutu ananisaidia kuitafuta. Lakini siku ya kufunga, benyewe banatokea bengi."

Nikaanza kumjibu kwa maneno ya oditori. Nikataja usimamizi fungamano, mfumo-ikolojia, wadau. Mama akanitazama tu, kisha akainuka kwenda kuangalia bugali jikoni. Pale nikaelewa kwamba miaka 5 nilijifunza neno, lakini sikujifunza kulieleza. Haya ninayoandika leo ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile. Nayaandika hapa juu wengi wetu tuko na mama kama wangu, na kesho wengine wetu ndio watakuwa wanaweka sahihi kwenye matangazo ya kufunga.

Neno lenyewe lina maana gani

Mwaka 1992, nchi za dunia zilikutana Rio de Janeiro. Katika mpango mrefu walioutoa pale, unaoitwa Ajenda 21, sura ya 17 inahusu bahari na pwani. Wazo lake ni rahisi: kila nchi yenye pwani isimamie pwani yake kama kitu kimoja, siyo vipande vipande.

Kwa nini ilibidi kusema jambo linaloonekana wazi hivyo? Kwa sababu pwani ni mahali ambapo kazi nyingi zinakutana. Mvuvi anatafuta samaki, mwenye meli anataka bandari. Anayejenga nyumba anataka kiwanja chenye upepo mzuri, mkulima wa mlimani anataka shamba, mji unataka pa kutupia maji machafu. Kila kazi iko na ofisi yake, na kila ofisi iko na sheria yake, muhuri wake na takse yake. Ofisi moja ikifanya kazi vizuri peke yake, bado inaweza kuharibu kazi ya nyingine bila kujua.

Mpango wa pamoja, kwa ufupi, unahitaji vitu vinne. Cha kwanza ni ramani moja inayoonyesha kila kitu: mazalio ya samaki, njia za meli, nyumba, mito, mashamba. Cha pili ni meza moja ambapo ofisi zote na watu wa pwani wanakaa. Cha tatu ni maagano yaliyoandikwa: nani anafanya nini, wapi, na wakati gani. Cha nne ni kupima kila mara, ili mpango ubadilishwe kama haufanyi kazi. Kimoja kikikosekana, kinachobaki ni tangazo tu, siyo mpango.

Mtu atasema: sisi wa mashariki hatuna bahari. Ni kweli, maji yetu hayana chumvi. Lakini Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Linagusa nchi nne. Lina bandari, meli, wavuvi wa usiku, miji mikubwa na mipaka isiyoonekana. Maswali ya bahari yote tuko nayo hapa nyumbani.

Kuhesabu wakubwa kutoka mlimani mpaka majini

Memwari yangu ilikuwa juu ya udongo unaopotea kwenye mashamba ya mlima ulio juu ya Uvira. Nilipanda na kushuka ile milima msimu mzima wa mvua, nikipima matope kwenye vishimo. Kazi ilikuwa ya udongo, lakini kila siku nilimaliza nikiwa nimesimama kando ya ziwa, juu matope yote yalikuwa yanaelekea kule.

Mfuate tone la mvua. Linaanguka kwenye shamba la muhogo lililolimwa kutoka juu kwenda chini, bila mitaro ya kukinga mlima. Linabeba udongo. Linaingia mto Mulongwe au Kalimabenge, linapita katikati ya nyumba zilizojengwa mpaka mdomoni mwa mto, linachukua takataka, kisha linaingia ziwani. Pale matope yanatulia juu ya mawe ya pembeni. Sasa, karibu na mawe yale ndipo samaki wa aina nyingi wanakaa, wanakula na kutaga mayai. Ziwa letu lina mamia ya aina za samaki wa pembeni ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Jiwe likifunikwa na matope, majani madogo wanayokula samaki hayaoti vizuri, na mayai hayapati mahali safi.

Sasa hesabu wenye mamlaka juu ya njia ya lile tone. Shamba ni la watu wa kilimo, miti ni ya mazingira, kiwanja ni cha kadastre, nyumba ni ya mipango-miji. Mto uko chini ya wengine, samaki yuko chini ya watu wa uvuvi, mtumbwi uko chini ya watu wa usafiri wa majini. Usisahau shefu wa mahali, ambaye wakulima wanamsikiliza kuliko wote hao. Nimefika saba au nane na bado sijatoka majini.

Wakati wa memwari nilialikwa kwenye mkutano mmoja, mimi nikiwa mwanafunzi wa kubeba makaratasi. Kila huduma ilileta ramani yake. Katika ramani moja, sehemu fulani ya ufuko ilikuwa viwanja vya kuuza. Katika nyingine, sehemu ileile ilikuwa mahali pa kuzalia samaki. Katika ya tatu, ilikuwa mahali pa kupanua bandari. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake yenye muhuri. Mkutano ulikwisha saa nane, tukapewa fanta, na kila mtu akarudi na ramani yake.

Bei ya mambo kama yale tuliiona Aprili 2020, wakati Mulongwe ulipofurika. Watu makumi walikufa, maelfu ya familia wakabaki bila nyumba. Mvua ilikuwa kubwa, hiyo sikatai. Lakini mvua haikuamua watu walale wapi, wala haikukata miti ya mlimani. Miaka iliyofuata, ziwa lenyewe likapanda na kuingia ndani ya nyumba za pwani Uvira, Kalemie na Bujumbura. Wanaopakana na Bahari ya Mediterania waliandika mwaka 2008 mapatano ya pwani yenye kanuni kwamba, kwa kawaida, ujenzi ukae mita 100 au zaidi kutoka majini. Maji yakipanda, yanakuta nafasi ya kupandia. Kwetu yanakuta chumba cha kulala.

Samaki hana paspoti

Hata ofisi zote za Uvira zikiketi pamoja kesho, bado haitoshi. Ndagala anazunguka kwenye maji ya katikati, na mukeke anamfuata kumla. Hawajui mpaka. Congo iko na karibu asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Tukipumzisha upande wetu na jirani akaendelea kuvua, tumemwekea jirani akiba. Jirani naye akipumzisha, sisi tukivua, tumemfanyia vilevile. Kila mmoja akiogopa kuwa mjinga, wote wanavua mpaka mwisho.

Ndiyo maana nchi hizi nne ziliweka sahihi kwenye Mkataba wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003, Dar es Salaam, na baadaye zikaweka Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Mwishoni mwa 2021 zikakubaliana juu ya kanuni za pamoja za uvuvi, ikiwemo kufunga ziwa miezi 3 kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Ni makubaliano hayo ndiyo yalifika mbele ya nyumba ya mama yangu.

Kwa upande wa samaki, wazo lina msingi. Ndagala ni samaki wa maisha mafupi. Anaishi karibu mwaka mmoja, anakua haraka, anazaa mapema. Samaki wa namna hii anaweza kurudi upesi akipewa nafasi. Lakini ukimvua akiwa bado mdogo sana, kwa chandarua cha mbu au wavu wa macho madogo unaokokotwa ufukweni, unaondoa yule ambaye hajazaa hata mara moja. Miezi 3 ya kimya inaweza kuwapa watoto wa samaki muda wa kukua. Hilo nalikubali, na nilimwambia mama hivyo.

Ila nilimficha nusu nyingine, na leo naisema. Ziwa halipungukiwi samaki kwa sababu ya nyavu peke yake. Chakula cha samaki kinategemea virutubisho vilivyo chini sana, kwenye maji baridi yasiyo na hewa. Upepo wa kiangazi ndio unasaidia kuvipandisha juu. Tangu 2003, watafiti wameonyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yanazidi kupata joto, na maji ya joto yanakaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya supu, hayachanganyiki vizuri. Chakula kinabaki chini. Kwa hiyo, ukimwambia mvuvi "ukipumzika, samaki watajaa kama wakati wa babu yako", unamwahidi kitu ambacho huna uwezo nacho. Siku ahadi isipotimia, hatakuamini tena, hata kwa jambo lenye faida.

Kilichokosekana nyumbani kwetu

Wiki ya tatu ya kufunga, mdogo wangu alitoka usiku na wenzake. Hakuwa mwizi. Alikuwa na watoto wawili na deni la wavu. Walikamatwa. Wavu ukachukuliwa, akalipa pesa, na hakupewa karatasi yoyote ya kuonyesha amelipa nini na kwa nani. Aliporudi, mama alimtetea, mimi nikamlaumu. Tulikaa siku kadhaa tukisalimiana tu. Mama akasema neno ambalo bado linanichoma: "Bale benye banafunga ziwa, benyewe bako na mushahara kila mwezi. Na wewe uko unabatetea."

Nilipotulia niliangalia tena vitu vyangu vinne. Ramani? Hakuna mvuvi wa mtaa wetu aliyewahi kuiona. Meza? Hakuna muuza ndagala aliyeitwa, na huku kwetu biashara hii iko mikononi mwa wanawake. Wanajua bei, wanajua samaki anapungua lini na anaanza kuwa mdogo lini. Maagano? Tangazo lilifika, lakini halikusema familia italipa deni la wavu namna gani, wala nani ana haki ya kutoza faini na kutoa risiti. Kupima? Baada ya miezi 3, nani alikuja kutuambia samaki wameongezeka au hawakuongezeka? Upande wetu sikusikia mtu.

Sasa angalia jambo lingine ambalo wavuvi wamekuwa wakilifanya tangu zamani. Uvuvi wa ndagala ni wa usiku, kwa taa. Taa inavuta samaki wakati kuna giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haifai kitu, na mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Kila mwezi, mwaka mzima, na hakuna askari anayehitajika. Watu wanatengeneza nyavu, mama wanapunguza matumizi, wanaotoa mikopo wanajua kusubiri. Kwa nini wanakubali? Kwa sababu sababu yake inaonekana kwa macho, inajulikana kabla, na inawasimamisha wote pamoja, tajiri wa mitumbwi kumi na maskini wa mtumbwi mmoja.

Ndiyo ninayoiona kuwa kipimo. Kufunga kwa miezi 3 kutaheshimiwa siku kutakapokuwa na mambo hayo matatu: sababu inayoonekana, tarehe inayojulikana mapema mpaka mtu apange deni lake, na usawa kwa wote. Nguvu za askari zinaweza kusaidia, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya hayo, hasa katika eneo letu ambapo watu wamechoka na watu wenye silaha.

Wengine wanafanya namna gani

Wengine wamejaribu, kwa shida na kwa faida. Ushelisheli ni nchi ya visiwa yenye ardhi ndogo kuliko teritware zetu nyingi, lakini bahari yake inapita kilomita za mraba milioni 1.3. Mwaka 2014 ilianza kupanga bahari hiyo yote. Ilihesabu uvuvi, utalii, meli, mafuta, kasa na matumbawe kwenye ramani moja, kisha ikagawa: sehemu zisizoguswa, sehemu zinazotumika kwa uangalifu, na sehemu za kazi zote. Mwaka 2020 ilifika asilimia 30 ya bahari chini ya ulinzi. Ninachotaka mkumbuke hapa ni ile miaka 6 ya kuketi na kubishana kabla ya kuchora mstari wa mwisho.

Na Congo pia ina bahari, tusisahau. Ni ndogo, karibu kilomita 40 tu, kule Muanda. Pale kuna hifadhi ya mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992 kwenye mdomo wa mto Congo, makao ya nguva. Na kwenye fukwe kasa wanakuja kutaga. Katika pwani hiyohiyo kuna visima vya mafuta, nchi kavu na majini. Kuna wavuvi. Na tangu 2022 kazi ya bandari ya maji marefu ya Banana imeanza. Uhifadhi, mafuta, samaki na bandari kwenye kilomita 40: kama kuna mahali katika nchi yetu ambapo ramani moja na meza moja ni lazima, ni pale. Anayesoma Kinshasa au Matadi afuatilie, halafu atuandikie.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, wavuvi wako na vikundi vya usimamizi wa fukwe vinavyotambuliwa na serikali. Vinasaidia kuandika mitumbwi na kulinda mazalio. Haimaanishi kila kitu kule ni kizuri. Lakini mvuvi anapokuwa ndani ya kikundi kinachotambuliwa na sheria, anaweza kuuliza swali na kudai risiti.

Sisi wenye diploma tufanye nini

Sitaki kumaliza na "serikali ifanye". Leta ina kazi yake, na sisi pia tuko na yetu.

Wa sheria: tafuteni maandishi ya makubaliano ya nchi nne, muyaweke katika Kiswahili ambacho mvuvi anaweza kusoma au kusomewa. Mtu hawezi kutii karatasi ya Kifaransa aliyoisikia kwenye redio mara moja.

Wa agronomia: tusijifanye kwamba ziwa halituhusu. Mtaro mmoja wa kukinga mlima, uliopandwa majani ya mbuzi kwenye ukingo, unazuia matope yasifike kwenye mawe ya samaki. Mkulima anabaki na udongo wake, mvuvi anabaki na samaki wake. Ni kazi yetu kabisa, na haingoji mkutano wa nchi nne.

Wa uchumi na takwimu: chukueni daftari, mkae na mama wanaouza. Bei ya beseni na ukubwa wa ndagala, kabla ya kufunga na baada ya kufunga. Miaka 3 ya daftari hiyo itatuambia kama kufunga kunasaidia, na itakuwa vigumu kwa ofisi yoyote kuipuuza.

Na sisi wote: tukialikwa kwenye mkutano wa kupanga pwani, tuulize mapema nani hajaalikwa.

Mwaka uliofuata nilimrudia mama na jibu langu. Nilimwambia samaki si ya mtu mmoja, ndiyo maana inahitaji meza ambapo kila anayeigusa anakaa, kuanzia anayelima juu ya mlima mpaka anayeuza sokoni. Nilimchorea hata ramani chini kwa kijiti: mlima, mto, nyumba, mawe, maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Mdogo wangu pia alikuwapo, akanisahihisha mahali mawe yalipo.

Kisha mama akasema: "Sawa, nimesikia. Na ile meza, kiti yangu itakuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Wenzangu wa Baraka, Kalemie na Moba, kama kwenu kuna mahali ambapo muuza samaki amepata kiti hicho, mtuandikie. Nitamsomea.